Kuachana kwa Amani Katika Nchi ya Paa Moja

Ipo nchi moja, msiulize iko upande gani, maana ramani yake imefungiwa kabatini na aliyekuwa na ufunguo amestaafu. Ni nchi ya amani. Amani yake imeandikwa kwenye mabango, kwenye mifuko ya unga, kwenye migongo ya mabenchi ya hospitali, na kwenye mlango wa choo cha ofisi ya wilaya, choo ambacho hakijapata kuona maji tangu kizinduliwe kwa ngoma.

Watu wa nchi hiyo ni wapole na wana adabu. Wana desturi moja ambayo hakuna aliyefundishwa shuleni, mtu huinyonya pamoja na maziwa: huwezi kupeleka tonge kinywani huku mwenzako anakutazama bila kumwambia, "Karibu tule." Awe jirani, awe mpita njia, awe mtu mliyegombana jana mpaka mkararuana mashati, akitokea na wewe unakula, neno hilo hutoka lenyewe kama chafya. Naye hujibu, "Asante, endeleeni," akaenda zake. Basi. Hakuna aliyeshiba na hakuna aliyenuna.

Katika nchi hiyo aliishi Mwanamvua, mpika vitumbua, na mumewe Shomari, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba. Ndoa yao ilikuwa imekwisha. Haikuvunjwa na mtu. Ilikwisha kama kipande cha sabuni kinavyokwisha bafuni, kila siku kidogo, mpaka asubuhi moja unapapasa na hukuti kitu. Mtoto hawakujaliwa. Ndugu wa Shomari walimwita Mwanamvua mti mkavu, naye aliinamisha kichwa akaendelea kuwapakulia.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa jingine. Mama yake, Bi Pili, alikuwa peke yake ng'ambo ya mto, miguu imekufa ganzi, macho yamefifia, amelazwa kwenye kitanda alichowambiwa na Shomari mwenyewe. Majirani walimlisha siku walizokumbuka. Mwanamvua alitaka kitu kimoja tu duniani: aende akae na mama yake, amgeuze, amuoshe, ampikie uji.

Lakini nchi ya amani ina Sheria ya Paa Moja. Mke wa mtu sharti alale chini ya paa la mumewe lililosajiliwa. Nyumba yoyote itakayomlaza, hata ikiwa ya mama aliyemzaa, hufungwa kufuli la serikali, na aliyemo hutolewa nje pamoja na kitanda chake. Mume naye akihamia kwa mkwewe hupoteza paa, na asiye na paa hahesabiwi kuwa mtu.

"Mwana," Shomari alimwambia mkewe jioni moja, huku anakata kamba, "tuachane tu kwa uzuri. Wewe ukamtunze mama, na mimi nitakuwa nakuja kumletea samaki. Kile kitanda kikilegea, nani mwingine atakikaza?"

"Tuachane, bwana. Ila tusije tukatupiana maneno. Watu wakiachana vibaya hata salamu inakufa."

"Sisi tena?" Shomari akacheka. "Sisi hata kugombana hatujui. Wataturuhusu mara moja."

Maskini, alikuwa fundi wa vitanda. Sheria hakuijua.

*

Ofisi ya kuachana imo ndani ya Jumba la Mshikamano. Ina milango miwili. Mlango wa kushoto umeandikwa Kuachana kwa Amani. Hapo pana benchi moja lenye mguu mfupi, na harufu ya panya aliyefia mahali ambapo kamati bado inapatafuta. Mlango wa kulia umeandikwa Kuachana kwa Ugomvi. Huko kuna feni, viti vya mto, chai ya maziwa na sambusa za moto. Watu huingia huko wakivuja damu puani, wakatoka na karatasi zao wakipigiana miluzi.

Karani wa mlango wa kushoto alikuwa anachokonoa meno kwa pini. Alipomaliza, pini ileile akaibana kwenye faili ya watu wengine.

"Shida?"

"Habari za kazi, baba," akasema Mwanamvua. "Tumekuja kuachana."

"Nyote wawili?"

"Sote wawili."

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana kabisa. Hatuna ugomvi."

Karani akawatazama kama watu waliomletea samaki aliyeoza. "Mtu na mkewe wanaokubaliana kabisa wanaachania nini? Mimi na mke wangu hatujakubaliana tangu siku ya harusi, na tunaishi pamoja kama wananchi."

Hata hivyo aliwasomea masharti, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ili talaka isiyo na mpingaji ikubaliwe, alisema, mume na mke wawe wameridhiana. Mali zao ziwe zimegawanywa bila kubaki kitu. Na wawe wametengana mwaka mzima, pasipo kurudiana hata kwa jicho.

"Na Sheria ya Paa Moja je?" akauliza Shomari. "Tutatenganaje na tunatakiwa tulale nyumba moja?"

"Mtatengana humohumo ndani. Mkaguzi wa Mistari atakuja kuwachorea."

Kabla hawajauliza mstari gani, walisimamishwa wote, maana Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa anatoka chai. Mkurugenzi ana tumbo ambalo hufika mlangoni kabla yake, na ana desturi ya kuwahutubia waliokaa kwenye benchi kila asubuhi, wapende wasipende.

"Wananchi!" akanguruma, na chembe za sambusa zikaruka mpaka mstari wa mbele. "Nchi yetu ni ya amani! Ndiyo maana serikali haiwezi kuharakisha watu kuachana kwa amani, kwa sababu amani ikishatumika kuachana, itabaki amani gani ya kuishi pamoja? Tuitunze amani yetu! Tusiitumie ovyo!"

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alijifuta chembe shavuni kwa ncha ya kanga, akaendelea kupiga.

*

Mkaguzi wa Mistari aliitwa Mbaruku. Alikuja na chaki ya serikali, kamba ya kupimia, na kijiko kirefu cha chuma kilichochomoza kwenye mfuko wa shati, pale ambapo maofisa wengine huweka kalamu. Alichora mstari kuanzia ukuta wa barazani, ukapita sebuleni, ukakata chumba, ukapanda juu ya kitanda na kushukia upande wa pili. Bafu likaangukia kwa Mwanamvua. Mlango wa kutokea nje ukaangukia kwa Shomari. Tangu siku hiyo Mwanamvua alikuwa akitokea dirishani na beseni lake la vitumbua kichwani, na Shomari akitaka kuoga alizunguka kwa jirani.

Kisha zikagawanywa mali. Kinu kwa mke, mchi kwa mume. Taa kwa mume, chemni yake kwa mke. Mbuzi ya kukunia nazi akaing'oa chuma chake, ubao akampa huyu na chuma akampa yule, akapangusa mikono kama mtu aliyetenda haki. Alipofika kwa jogoo akakuna kidevu.

"Huyu hagawanyiki. Atashikiliwa na serikali mpaka kesi iishe."

Kesho yake Mbaruku alirudi kukagua mstari. Shati lake lilikuwa na doa la mchuzi wa manjano, na kidole chake kidogo kilikuwa mdomoni kikitafuta kitu nyuma ya gego.

"Jogoo hajambo?" akauliza Shomari.

"Yuko mahali salama," akasema Mbaruku, akacheua.

Kijiko kilikuwa cha upelelezi. Sheria inakataza waliotengana kupika chungu kimoja, kwa hiyo Mkaguzi huonja sufuria ya upande huu, akaonja ya upande ule, akarudia ya upande huu kwa sababu amesahau. Ladha zikifanana, watu wamerudiana. Mwanamvua akawa anazidisha chumvi kwake makusudi, na Shomari, ambaye kupika hakujui, hakuhitaji kufanya makusudi. Mbaruku alionja vyote mpaka chini. Kijiko hakukiosha hata siku moja. Alikilamba mbele na nyuma, akakirudisha mfukoni, na mfuko ule ulikuwa na inzi wake.

Walivumilia. Usiku kila mmoja alilala upande wake wa chaki, na mmoja akikohoa, mwingine alibana midomo asije akasema pole.

*

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni. Mchana mmoja Mwanamvua alikuwa amekaa upande wake, na sahani ya muhogo na samaki wa tui mbele yake. Shomari akaingia kutoka kazini, jasho linamtiririka, mabegani ana kamba. Akasimama ng'ambo ya mstari akitafuta kata ya maji.

"Karibu tule," akasema Mwanamvua.

"Asante, endelea," akajibu Shomari.

Hakuna aliyekusudia. Neno lilitoka kama chafya, na jibu lake likalifuata. Walitazamana, na kila mmoja akauziba mdomo wake kwa kiganja, lakini tayari kichwa cha Mbaruku kilikuwa kimeshachomoza dirishani.

"Nimesikia! Mwaliko wa chakula, na umepokelewa kwa shukrani. Hiyo ni ndoa!"

"Bwana Mkaguzi," akasema Mwanamvua, "hata wewe ungepita ningekukaribisha. Hata mbwa angesimama hapo ningesitasita."

"Na mimi ningekubali. Lakini mimi sijakuoa." Akapenya dirishani mguu mmoja mmoja, akakaa, akaivuta sahani. "Mwaka wenu unaanza upya leo. Samaki huyu namchukua kama ushahidi." Na kwa kuwa ushahidi haufai kulala, akaula hapohapo, akanyonya kichwa, akatema miba juu ya mstari wa serikali.

Jioni ileile akaja jirani wa Bi Pili kutoka ng'ambo ya mto. Hakuketi.

"Mwanamvua, mama yako ana vidonda mgongoni. Mimi nina watoto wangu, siwezi kumgeuza kila mara. Nilipofunua shuka leo nilikuta funza. Nakwambia usije ukasema hukuambiwa."

Mwanamvua hakulia. Alitazama mstari wa chaki na miba ya samaki juu yake.

Asubuhi wakaenda kwa karani kuomba huruma. Karani akasema huruma ni ya idara nyingine. Kisha akainama juu ya meza, harufu ya mdomo wake ikawafikia kwanza, akanong'ona: "Mnajitesa bure. Ingieni mlango wa kulia. Huko ni asubuhi moja tu. Kinachotakiwa ni matusi mbele ya watu."

*

Walifanya mazoezi nyumbani, kila mtu upande wake.

"Wewe... pua yako kama kitumbua kilichokanyagwa," akasema Shomari.

"Na wewe unakoroma kama mashine ya kukoboa."

"Hilo si tusi, hilo ni kweli," akasema Shomari, wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja, ila hawakujua.

Ukumbi wa Ugomvi ulikuwa umejaa. Watu wa nchi ya amani hawana pa kwenda asubuhi, na huko chai ni bure. Juu ya jukwaa alikaa Msuluhishi Mkuu, joho jekundu limemlegea, mafuta ya sambusa yanang'aa kidevuni. Mbaruku alikuwa ameketi safu ya mbele na kijiko chake.

Wakaanza. Pua ikatajwa. Kukoroma kukatajwa. Mtu wa nyuma akapiga mwayo.

"Tusi hili halina chumvi," akasema Msuluhishi Mkuu. "Mnaichezea mahakama. Mimi nataka la ndani."

"La ndani, mheshimiwa?" akauliza Shomari.

"Lile ulilolificha. Kila mtu analo. Litoe, au mrudi nyumbani mkaoane upya."

Shomari akamtazama mkewe. Mwanamvua alikuwa anaona funza na shuka, hakuwa anaona ukumbi. Akaitikia kwa kichwa: sema.

"Mama yako ananuka," akasema Shomari. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wakasogea. "Nilipokuwa nambeba kumpeleka juani nilikuwa naziba pumzi. Nikifika mtoni nilivua shati nikalifua na majivu, kisha nikatapika nyuma ya mibono. Kila safari. Wewe ukaniuliza mbona shati bichi, nikakwambia nimeangukia maji."

Ukumbi ukashangilia. Mwanamvua alisimama palepale. Alijua limesemwa kwa ajili ya muhuri. Lakini matusi ya kubuni, kama yale ya pua, huwa hayana vitu vidogo vidogo. Hili lilikuwa navyo: majivu, mibono, shati bichi. Alilikumbuka shati. Alilianika yeye.

"Na mama?" akahimiza Msuluhishi, akimwelekezea Mwanamvua kipande cha sambusa. "Mama naye hana kitu tumboni?"

Mwanamvua akasikia sauti inasema, na ilikuwa yake.

"Mti mkavu si mimi. Tulipimwa sote wawili, na daktari alimwita yeye pembeni. Alipotoka huko akanililia, akaniomba nibebe mimi ile aibu mbele ya ndugu zake. Nikaibeba. Dada zake wakanitemea mate mlangoni kwangu, na yeye alikuwa amekaa ndani, anasikia, anakunywa chai."

Makofi yalitikisa mabati. Watu walisimama juu ya viti vya mto. Kulikuwa na dada mmoja wa Shomari kule nyuma, alikuja kwa ajili ya chai, na uso wake ulikuwa umefanana na majivu. Shomari alikuwa anatazama mikono yake, kama mtu aliyepewa mikono ya mwingine.

Msuluhishi Mkuu akatoa ulimi mrefu wenye utando mweupe, akaulamba muhuri, akaugonga.

"Hongereni," akasema. "Mmeachana vizuri sana."

Nje, Mheshimiwa Mkurugenzi alipiga nao picha, mmoja kila upande wa tumbo lake, akatangaza kwamba wao ni mfano kwa taifa.

*

Mwanamvua akahamia kwa mama yake. Alimgeuza, alimuosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, alitoa funza mmoja mmoja kwa ncha ya kijiti, na vidonda vikaanza kukauka pembeni. Bi Pili akapata nguvu ya kukalishwa barazani juu ya mkeka na kuegemezwa ukutani. Kitu kimoja alikuwa haachi kukiuliza.

"Shomari haji? Alisema ataniletea samaki. Na hizi kamba zimelegea, mwanangu, nalala kama nimo shimoni."

"Ana kazi nyingi, mama."

Mchana mmoja walikuwa barazani wanakula wali na samaki wa tui. Njiani mtu akapita na kamba begani, anatembea upande wa mbali wa barabara, uso ameuelekeza kwenye migomba. Bi Pili hakuona, ila masikio yake yalikuwa mazima.

"Miguu ile si ya Shomari? Mkaribishe. Mwanamvua? Mbona umenyamaza na unakula?"

Mwanamvua alifungua mdomo. Alilisubiri lile neno lije lenyewe kama linavyokuja siku zote. Halikuja. Tonge likabaki mkononi.

"Karibu tule, mwanangu!" akaita Bi Pili mwenyewe, kwa sauti yake iliyokatikakatika, na mkono ameuinua kuelekea barabarani.

Shomari akasimama. Kwanza akatazama kushoto, kisha kulia, kama mtu aliyeiba kuku. "Asante, mama, endeleeni," akasema bila kugeuza uso, akaongeza mwendo, na kamba zikawa zinampiga mgongoni.

Hapo ua wa makuti ukatikisika, akatokea Mbaruku. Alikuwa amekuja kukagua paa jipya, alisema, maana serikali haiwaachi watu wake. Kijiko kilishatoka mfukoni. Alikuwa ameshakilamba.

"Nimesikia mwaliko, mama," akamwambia Bi Pili. "Mimi si kama yule aliyepita, mimi sikatai." Akachuchumaa, akanyoosha kijiko kuelekea kwenye samaki.

Mwanamvua akachukua kawa, akafunika sahani.

"Tumemaliza kula," akasema.

Mbaruku akatazama kawa. Akatazama tonge lililokuwa bado mkononi mwa Mwanamvua, mchuzi unadondoka kwenye kifundo. Katika utumishi wake wote hakuna mtu aliyewahi kumfunikia chakula, na hakujua sheria yake inasemaje. Alingoja kidogo, kama wanavyongoja inzi, kisha akakipangusa kijiko kikavu kwenye suruali, akaondoka.

"Mwanangu," akasema Bi Pili, "umemfunikia mtu chakula? Nani kakufundisha hivyo?"

Mwanamvua akafunua sahani, akatoa miba, akamtilia mama yake mnofu kinywani, kisha akajitilia na yeye. Tui lilikuwa zito na chumvi ilikuwa sawasawa, lakini alimtafuna yule samaki kama anayetafuna chaki. Barabarani hapakuwa na mtu, na Bi Pili alikuwa bado ameuinua mkono wake, anakaribisha.